Siku Tuliyomuua Mwalimu Haule kwa Dadu

Nikisema mtaa mzima ulishawahi kunijia msibani kwa sababu ya mchezo wa mezani mtacheka, na chekeni tu, maana aibu yenyewe nimeshaizoea.

Wakati ule biashara ndiyo kwanza zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni Songea, na rafiki yangu Ndunguru, muuza mashati, akafungua belo akakuta dadu lenye pande nyingi na kijitabu cha Kiingereza. Mchezo ulikuwa hivi: mmoja anasimulia safari, wengine wanakuwa wasafiri, na penye hatari dadu linaamua. Kwa vile mimi ndiye niliyejifanya nakielewa kijitabu (nusu naelewa, nusu nakisia), nikawa msimuliaji na mwamuzi. Kilitaka kila mtu ajipe jina la kishujaa, sisi tukaona ya nini, tukatumia majina yetu yaleyale.

Jumamosi moja mchana, barazani kwetu Matogoro, wasafiri wakafika kwenye mto wenye mamba. Zeno akarusha dadu, akapata mbili, yaani kaliwa. Sasa Zeno ni kaka yake Edina, na posa yangu ilikuwa inapelekwa kwao wiki inayofuata, basi nikajisikia nasema, "Meza imetikisika hiyo, rusha tena." Akavuka. Akafuata mwalimu Haule, mpangaji mwenzangu, akapata tatu. Nikamwambia kafa.

"Kwangu meza haijatikisika?"

"Sheria ni sheria, mwalimu."

Haule akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Hapo ningenyamaza yangeisha. Lakini nikaongeza kwamba ng'ombe wa Haule (wa kwenye mchezo) awachukue Zeno, na Ndunguru akawaka, "Marehemu Haule ana ndugu zake! Zeno anarithi kwa ukoo gani?" Nami nikapaza sauti kwamba Haule keshakufa, ng'ombe nagawa mimi. Mama Kapinga, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuwa anapita akitoka kanisani. Akasimama, akashika kifua, akaondoka mbiombio, tukadhani ana haraka zake.

Kabla jua halijashuka, uani kumejaa akina mama wa jumuiya, kanga kiunoni, unga na kuni kichwani, mmoja kashaanza kulia, na nyuma yao Mzee Mapunda, baba yake Edina.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. "Mwenzenu hajazikwa mnagawana ng'ombe wake, na mwanangu yumo?"

Na hapohapo Haule akatokea njiani (kumbe alikwenda shuleni kuchukua kamusi, aje kukisoma kijitabu mwenyewe), anapaza sauti toka mbali, "Nimekuja kukata rufaa! Mimi sijafa!"

Jamani, kuni zilimwagika pale. Mama Kapinga aliruka ua wa miti ambao mimi mwenyewe siwezi.

Walipotulia, Mzee Mapunda akaomba kiti na kutaka aelezwe mchezo wote, nami nikaeleza mbele ya mtaa mzima, masikio yanawaka.

"Huyu wangu alirusha mara ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Na mwalimu?"

"Moja."

Akanitazama, na nilijua anaifikiria posa. "Mpe mwalimu dadu."

Haule akarusha, watu wameizunguka meza. Moja. Hata tatu ya kwanza ilikuwa nafuu.

"Sasa nimekufa," akasema, ametulia kabisa, akanawa mikono. Akina mama walikuwa wamekataa kurudi na unga, wakasonga ugali, na marehemu akala kuliko wote.

Posa yangu mzee aliiweka mwaka mzima, akisema bado anaitazama meza kama imeacha kutikisika. Edina nilimpata, ila tangu siku ile sijawa mwamuzi wa mchezo wowote, na hata tukicheza ludo na watoto, dadu analishika yeye.