Diski Iliyochomolewa

Nimekaa Busia zaidi ya miaka ishirini, lakini nilikulia Tororo, na mtu wa Tororo utamtambua kwa jambo moja: mvua ikianza kunguruma, anachomoa. Anachomoa redio, televisheni, friji, hata pasi iliyopoa tangu jana. Mama yangu alikuwa akichomoa taa ya mezani ambayo haikuwa na balbu. Sikuwahi kumcheka, kwa sababu niliwahi kuona radi ikipasua ukuta wa jiko la jirani huku chungu kikiwa bado motoni.

Nieleze kwanza kazi yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa ajenti wa forodha hapa mpakani, upande wa Uganda. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, nikisubiri malori yapite. Nilipoacha ukarani nilifungua ofisi ya chumba kimoja, na humo napiga picha mikataba ya mashamba na kuihifadhi. Kwetu shamba huuzwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule: muuzaji, mnunuzi, mwenyekiti wa kijiji na majirani wanaopakana nalo, kila mmoja anatia sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo hukaa sandukuni, na sanduku lina maadui wake: mchwa, moto, mashemeji.

Mwanzoni nilihifadhi picha zote ofisini. Siku moja radi ikapita kwenye nyaya za stima, ikaunguza kompyuta na diski zake, ikanibidi nizunguke vijijini nikiwaomba watu walete karatasi upya. Tangu hapo nilihamia klaudi, yaani nikawa nakodi kompyuta na diski zilizoko nchi nyingine, ninazozifikia kwa mtandao. Mikataba ya zamani niliiweka katika diski yake peke yake, na kila nilipomaliza kuitumia niliichomoa. Hakuna waya wa kushika. Ni amri unaandika, na diski inabaki huko ng'ambo bila kuunganishwa na kompyuta yoyote. Haikuwa na maana, radi ya Tororo haifiki huko. Lakini kwangu kitu kilichochomolewa ndicho kitu kilicho salama.

Bili ya klaudi ilipoanza kunizidi, rafiki yangu wa upande wa Kenya, ambaye kazi yake ni kuandika programu, alinieleza kuhusu huduma inayokagua klaudi yako na kukuonyesha vitu unavyolipia bure. Unaweza kuiunganisha na wakala wa akili mnemba, akasema. Huyo ni programu unayoiandikia kwa maneno ya kawaida. Inaiuliza ile huduma, inapata jibu, kisha inatenda kwa niaba yako.

Nilisoma maelekezo kwa siku mbili, nikiyanakili kwa kalamu. Mahali pa kutoa ufunguo, yaani ruhusa ya kuingia klaudi yangu, palikuwa na njia mbili: wakala asome tu, au asome na kutenda. Hapo ukarani wangu ndio ulioniponza. Mpakani, ukimpa ajenti nusu ya karatasi, lori linalala yadi wiki nzima. Unampa faili lote pamoja na barua ya idhini, kisha unakwenda kunywa chai. Nikachagua asome na kutenda. Nikaandika: "Tafuta kila kitu ambacho hakitumiki, ukiondoe." Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Nikavuka kwenda upande wa pili kununua wino wa printa.

Niliporudi saa saba, jibu lilikuwa kwenye skrini, limepangwa vizuri. Kompyuta mbili za majaribio zimezimwa. Diski tatu ambazo hazijaunganishwa na chochote zimefutwa.

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara tatu. Masikio yakaziba kama ya mtu aliyetoka kupiga mbizi.

Moja ya diski hizo ilikuwa ya mikataba ya zamani, na ndani yake ulikuwemo mkataba wa mama mmoja wa kijiji cha Lunyo. Niliupiga picha mume wake akiwa hai. Baadaye mume alifariki, mchwa wakala sanduku, muuzaji wa shamba naye akafa. Sasa ndugu za marehemu walikuwa wakidai kwamba shamba lile halikununuliwa kamwe, ni la ukoo, na mjane aondoke. Shauri lilikuwa lisikilizwe Alhamisi mbele ya kamati ya gombolola, yaani tarafa yetu. Jirani aliyeshuhudia mauzo alikuwa bado hai, lakini alikuwa akisema hakumbuki kitu. Wiki iliyotangulia mama huyo alinipigia simu kuuliza kama picha yake ipo. Nilimwambia ipo, asiwe na wasiwasi, aje Jumatatu saa kumi aichukue.

Nilimpigia rafiki yangu. Alipoelewa kwa nini diski ilikuwa imechomolewa, alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani mzee, unachomoa kitu iko ng'ambo juu ya radi ya Tororo? Sasa hiyo system ingejuaje kama si takataka?"

Nilipomweleza habari ya mjane, kicheko kilikatika. Akaniambia kuna huduma zinazochukua nakala kabla ya kufuta, na nyingine hazichukui. Ya kwangu hakuwa na uhakika. Nimuulize wakala, lakini nihakikishe hagusi kitu kingine.

Nilikuwa naiogopa kibodi. Swali nililiandika kwanza kwenye karatasi, nikalisoma kwa sauti nikitafuta neno lolote linaloweza kuchukuliwa kuwa amri. Nilikata maneno mawili. Kisha nikachapa: "Usifanye jambo lolote. Nijibu tu: kabla ya kufuta, nakala zilichukuliwa?"

Wakala akajibu kwamba huduma ilianza kuchukua nakala ya kila diski kabla ya kuifuta. Mbili zilikuwa zimekamilika. Ya tatu ilikuwa bado inaendelea kunakiliwa ingawa diski yenyewe imeshafutwa, na hakuweza kuthibitisha kama ingekamilika. Ya tatu ndiyo ya mikataba.

Saa kumi kamili mama yule aliingia, amevaa gomesi, gauni lake refu la kwendea kanisani, mfuko wa kaki mkononi kwa ajili ya karatasi.

"Fundi, mimi nimefika. Iko?"

Ningeweza kusema stima imekatika, arudi kesho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini kesho ingekuwa Jumanne, na ikiwa nakala ingeshindikana, angekuwa amepoteza moja ya siku mbili alizobaki nazo za kumbembeleza yule jirani. Nikamweleza yote, polepole, tangu ufunguo hadi ile nakala ya tatu. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Ni mashine ilifuta, ama ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Mashine niliipa ruhusa."

Akaketi kwenye benchi la wateja. "Unaogopa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa saba."

"Mimi tangu tumezika huyo mzee." Akavua viatu, akakanyaga sakafu ya simenti. "Basi tungoje. Lakini ukianza kulia mimi naenda. Kilio niko nacho ya kutosha nyumbani."

Tulingoja. Kwenye skrini kulikuwa na namba moja inayopanda, na ilipanda kwa namna ya kukatisha tamaa: ilikwenda haraka, ikasimama, nikahesabu dakika kumi na mbili, ikasogea hatua moja. Kila iliposimama aliniuliza kama imekufa, nami nilisema sijui. Kwenye saa kumi na moja anga likawa jeusi upande wa Tororo, na ngurumo ya kwanza ikapita juu ya bati. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye swichi. Kazi yenyewe ilikuwa inafanyika huko mbali, ningezima tu macho yangu, hilo nililijua. Hata hivyo sikuweza kuvumilia kutoiona ile namba. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuketi mbele ya kitu kilichochomekwa radi ikipiga. Mama yule aliwasogeza watu wawili waliokuja kujikinga mvua mlangoni, akawaambia hapa ndani kuna mgonjwa.

Saa kumi na mbili nakala ilikamilika. Nikatengeneza diski mpya kutoka kwayo, kila hatua nikiandika kwanza kwa kalamu, wakala nimemnyang'anya ufunguo. Picha ilifunguka. Karatasi ya mistari, wino wa bluu, madole gumba mawili, sahihi nne. Mama aligusa kioo cha skrini mahali penye sahihi ya mumewe, kisha akaniuliza kama printa ina wino.

Nilidhani hofu yangu imeishia hapo. Lakini Alhamisi niliitwa mbele ya kamati nieleze karatasi hiyo imetoka wapi. Tukiwa tunasubiri nje, nilimuuliza mama nijibu nini wakigusia ile Jumatatu. Akasema, "Sema vile ilikuwa. Ukidanganya watakushika, na mimi nitashikwa pamoja na wewe."

Shemeji yake aliuliza swali lenyewe hasa. "Miaka hiyo yote, hiyo picha haijawahi kutoka mikononi mwako?"

"Ilitoka," nilisema. "Jumatatu hii, kwa saa chache. Ilifutwa kwa kosa langu, ikarudishwa kutoka kwenye nakala."

Watu wakanong'ona. Shemeji akageuka kuwatazama wenzake, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kwamba kilichofutwa na kurudishwa kinaweza kuwa kimetengenezwa njiani. Mwenyekiti wa kamati akaandika kitu. Sikuthubutu kumtazama mama.

Ndipo mwenyekiti alipoagiza karatasi ipelekwe kwa yule jirani asiyekumbuka. Mzee aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza kama vile nyuma kungekuwa na kitu.

"Huu mkono ni wangu," akasema taratibu, kidole kikiwa kwenye sahihi moja. "Na siku hiyo ya mauzo tulikula kuku."

Kamati ikainuka kwenda kukanyaga mipaka ya shamba kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, mama akiwa mbele amebeba ule mfuko wa kaki kifuani. Waliniita niandamane nao. Niliwaambia watangulie, nikakaa kwanza mpaka hofu ya tangu Jumatatu initoke.