Barabara ya Baba Kule Burma

Alhamisi, tarehe sita Februari mwaka huu, saa nne asubuhi, baba yangu alifariki nyumbani kwangu Mowlem, hapa Nairobi. Alikuwa amekunywa nusu ya uji. Umri wake hatukuujua sawasawa, maana alisema walipomwandika jeshini walimkadiria miaka kwa macho tu.

Miaka aliyokaa nami alinisaidia kuchagua maharagwe na mahindi ya githeri. Aliyamwaga kwenye sinia, na kabla ya kuchagua chochote alinipangia vita vya Burma. Maharagwe yalikuwa Wahindi, kwa kuwa ndio walikuwa wengi. Mahindi yalikuwa sisi wa Afrika. Waingereza aliwawekea punje za mchele, na vijiwe vilikuwa Wajapani, amevipanga juu kwenye ukingo wa sinia, mlimani. Kisha majeshi yakateremka bondeni, mvua ikinyesha miezi bila kuchoka.

Siku moja nilimuuliza yeye alikuwa wapi. Akaweka kidole nyuma ya mahindi, mahali pasipo na kitu.

"Hapa. Kwenye matope."

Kazi yake ilikuwa kukata miti na kulaza magogo ili malori yapite. Lori likipita, magogo yalizama, nao wakalaza mengine juu yake. Penye matope yaliyoshinda hata magogo, ndege ziliangusha magunia. Aliniambia Wajapani waliishiwa chakula, lakini wetu walisonga mbele kwa sababu chakula, dawa na risasi viliwafuata kila walikokwenda. Bunduki alipewa, ila hakumpiga mtu. Alilisema hilo bila haya, kama mtu anayesema havuti sigara.

Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka miwili, alikuwa na vita vyake tofauti. Tulilelewa mtaa wa Shauri Moyo, na huko aliwaambia wenzake kwamba baba aliua Wajapani hata akashindwa kuwahesabu. Aliyebisha alipigwa ngumi. Watoto wakamwita baba Kanali. Baba akiwasikia alicheka, akauliza ni kanali gani anayefua kaptula yake mwenyewe.

Jumapili watu walikutana kwangu kupanga mazishi. Mimi ndiye niliyepewa kuandika historia ya marehemu, ingawa shule niliachia darasa la saba, kwa kuwa ndiye niliyekaa naye. Niliandika kwamba alijenga barabara. Kaka alisoma karatasi, akavua miwani.

"Dada, wacha hii maneno ya magogo. Andika alipigana."

"Hakupigana."

"Watu wa Shauri Moyo watakuja wote. Unajua nimewaambia nini tangu nikiwa mtoto?"

Nilijua, na nilimhurumia. Alikuwa mtoto mwembamba, na lile jina la Kanali ndilo lililomfanya asionewe. Wengine mle ndani walitazama chai yao. Kaka mwenyewe akaipeleka karatasi kwa mchapishaji.

Programu za mazishi zilipoletwa asubuhi ya ibada, nilikuta imeandikwa: "Alipigana kwa ujasiri na kuangamiza maadui wengi." Nakiri kwamba nilifikiria kuisoma hivyo hivyo. Ilikuwa sentensi moja tu, na kaka alikuwa ameketi kiti cha mbele na suti yake nyeusi, akinitazama. Nilipoifikia nikaishusha karatasi. Kisha nikasema:

"Hapa pameandikwa baba alipigana. Mimi aliniambia alilaza magogo kwenye matope, ili waliopigana wapate chakula. Hakumuua mtu yeyote."

Nikaendelea na mwaka aliooa na kazi yake ya reli. Kaka aliinamia viatu vyake mpaka mwisho.

Nje ya kanisa, mzee mmoja aliyesoma na kaka alimshika mkono wa pole, hakuuachia.

"Kwa hivyo ile ngumi ulinipiga ilikuwa ya bure?"

Watu wakacheka. Kaka alitabasamu kidogo, akasema, "Ile ungepata tu," lakini alipoondoka hapo hakuja upande wangu.

Tulirudi nyumbani kula kabla basi halijatupeleka kijijini kwao, magharibi mwa Kenya, kumzika. Nilikuwa jikoni nikiosha vikombe kaka alipoingia. Aligeuza ndoo, akaikalia na suti yake. Nilidhani amekuja kunigombeza.

"Hayo magogo," alisema, "yalikuwa makubwa namna gani?"

Nilimwambia nilivyoambiwa: watu wanne kwa gogo, na likilowa, sita. Akauliza kama baba aliumia. Nikamwambia bega la kushoto lilimuuma mpaka mwaka huu, nami nilimkanda kila asubuhi. Hilo hakulijua. Akaniuliza nilikuwa nikimkanda na nini.

"Mafuta ya nazi tu."

Dereva alipiga honi. Kaka akainuka, akachukua kitambaa, akanifutia vikombe viwili vilivyobaki, tukatoka.