Ntumba Kando ya Uwanja wa Ndege

Otilia wa Kaengesa hakuwa mtu wa kuambiwa anyamaze akanyamaza. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, kazi ya kufyeka uwanja wa ndege wa Sumbawanga ikapewa mkandarasi, kijana aitwaye Abel, na Otilia akawa wa kwanza kuomba kibarua. Akawavuta na wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani. Alikuwa mjane, na kibarua hicho ndicho kilichomsomesha binti yake, Bertilla.

Abel aliwaambia wafyeke nyasi na kuziondoa. Haya, mwambie Mfipa aondoe nyasi uone! Nyasi mbichi, mvua zinaelekea kwisha, jembe liko mkononi. Wakazifukia kwenye matuta ya mviringo, ntumba, zioze ziwe mbolea, kama walivyofundishwa na mama zao. Matuta yakapangana kando ya njia ya ndege mpaka mwisho. Abel alipita, akaona pasafi, akawasifu.

Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, ntumba zilikuwa zimeoza ndani na kujaa funza. Korongo wakashuka makundi kwa makundi kula. Siku moja ndege ndogo ya abiria ikiwa mbioni kuruka, korongo mmoja akaingia kwenye injini. Ndege kamvaa ndege, na lugha yetu haitusaidii hata kueleza vizuri. Rubani alifunga breki, ikaserereka hadi majanini. Hakufa mtu, lakini abiria walishuka wakilia.

Mkutano ukaitishwa. Asubuhi ya siku ya mkutano Abel alimfuata Otilia nyumbani.

"Mama Bertilla, ukiulizwa sema ni ng'ombe wa Mboje. Wanapita uwanjani, kinyesi chao kinaleta wadudu. Ukiyataja matuta, kibarua basi."

Mboje alikuwa Msukuma aliyehamia na mifugo yake jirani na uwanja, na wako waliokuwa wakitafuta sababu tu ya kumfukuza. Otilia alimwogopea Bertilla na ada yake. Kisha hasira ikampanda kuliko hofu. Mtu afungashe virago na watoto wake kwa sababu ya tuta alilolipiga yeye!

Mkutanoni ng'ombe wakatajwa kweli. Mboje alisimama, kofia mkononi, Kiswahili kikamkwama. Otilia akainuka bila kuitwa.

"Ng'ombe wa Mboje hawashiki jembe," alisema. "Matuta yale tumeyapiga sisi, na Abel ameyaona akayasifu. Korongo wamefuata funza. Matuta yabomolewe, nyasi zile zibebwe mbali, mashambani. Mkimfukuza Mboje, korongo hata hawatajua kama amehama."

Watu wakaangua kicheko, na habari ya kumfukuza Mboje ikafia hapo. Abel hakucheka. Alimngoja Otilia nje.

"Kuanzia leo usikanyage uwanja wangu."

"Uwanja wako tangu lini, mwanangu?"

Asubuhi iliyofuata Otilia alikuwa anabomoa tuta la kwanza, na Mboje akipakia nyasi zilizooza kwenye mkokoteni wake. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, si umeachishwa kazi wewe?"

"Nimeachishwa kufyeka," Otilia akajibu, jembe likiendelea. "Kubomoa tuta langu hakuna wa kuniachisha. Sogea, unakanyaga funza."