Sala Zilizopita Juu ya Ukuta

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, katika miaka ya hamsini, nilikaa Kariakoo kwenye nyumba ya vyumba sita. Wakristo tulikuwa wawili tu: mimi na mume wangu, karani wa reli kule mtaa wa Gerezani. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati. Ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, kwa hiyo wa chumba cha kwanza akipiga chafya, wa chumba cha sita alimtakia afya.

Mume wangu alikuwa na sauti mbili. Moja ya kuniomba chai, nyingine ya kumwomba Mungu. Hiyo ya pili aliitoa chini kabisa ya tumbo, ikaja na maneno ambayo sijapata kumsikia akiyatumia kwa mtu mwingine yeyote: "Ewe uketiye juu ya vyote, tunakujongelea kwa unyenyekevu..." Alijongea kwa muda mrefu. Wali ulipoa, mchuzi ukafanya utando, nami nimefumba macho nikiwaza kama nimefunika mtungi wa maji.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asifupishe.

"Hapa tumezungukwa," alisema. "Lazima tuonekane."

"Na Mungu au na majirani?"

Jioni hiyo alinitia kwenye sala, katikati ya wagonjwa na wafungwa.

Upande wa pili wa ukuta alikaa mke wa mvuvi mmoja, mama wa Kizaramo mwenye maneno yake. Alikuwa akiosha samaki uani, na maji yake akiyamwaga chini ya dirisha letu. Harufu yake usiniulize. Mume wangu hakwenda kumwambia. Alimwambia Mungu, kwa ile sauti ya tumboni: "Bwana, wewe unayaona maji ya samaki yanayomwagwa dirishani kwa watumishi wako. Ilainishe mioyo ya wanaoyamwaga."

Kutoka juu ya ukuta likaja jibu: "Amina! Na mwambie pia kwamba mkeo anaazima kinu changu, anakirudisha hajakiosha!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa aibu, maana habari ya kinu ilikuwa ya kweli.

Mambo yakaendelea hivyo karibu mwezi mzima. Mume wangu alishtaki, jirani akajitetea, na Mungu akafanywa tarishi wa kupeleka barua baina ya watu waliotenganishwa na ukuta wa udongo.

Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi mmoja mtu mzima, Mwislamu. Ukifika wakati wa sala aliacha muhogo aliokuwa akiumenya, akatawadha, akasali, akarudi kwenye kisu chake. Hakubadilisha sauti, wala hakuna aliyemtangaza. Asubuhi moja aliniita uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze. Mumeo ana kesi na jirani au na Mungu?"

"Na jirani, bibi."

"Mbona basi anamtuma Mungu kwa mtu aliye hatua tatu?"



Kisha mume wangu akapatwa na mafindofindo. Koo lilivimba, sauti ikapotea kabisa, na daktari akamkataza kusema juma zima. Siku ya kwanza tulikaa mbele ya uji, akaninyooshea kidole: salisha wewe. Nilianza kwa fahari, "Ewe uketiye..." nikakwama. Sikujua anayeketi ameketi juu ya nini. Basi nikasema, "Mungu, asante kwa uji huu. Mponye huyu, koo linamuuma. Amina."

Akanywa, akaungua ulimi. Maskini, alikuwa amezoea chakula kilichopozwa kwa sala.

Kwa kuwa hapakuwa na wa kunisahihisha, juma lile nilisali hovyo. Nilisali nikikuna nazi, nilisali kwenye foleni ya bomba, nilisali sokoni nikichagua nyanya. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekuwa nikisali hivyo tangu usichana, ila sikuzihesabu sala zile kwa sababu sikupiga magoti wala kukaza sauti.

Siku ya tatu jirani aliita, "Shoga, mbona kimya? Bwana Karani kasafiri?"

"Anaumwa koo. Hawezi kusema."

Baada ya kitambo akaja na bakuli la supu ya samaki changu, yenye ndimu na tangawizi. Akaliweka chini, akamtazama mume wangu, akasema, "Mungu atakuponya," akaenda zake.

Mume wangu alilitazama lile bakuli mpaka nikadhani hataki. Kisha akainama, midomo ikachezacheza. Alisema nini, sijui. Katika nyumba ile, ilikuwa sala yake ya kwanza ambayo sikuisikia.

Sauti iliporudi, alikwenda mlango wa jirani kwa miguu yake.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Karani. Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja kushukuru kwa supu. Na yale maji ya samaki, dada..."

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningeyamwaga mferejini."

"Nilisema."

"Ulisema, lakini si kwangu."

Msidhani aligeuka malaika. Kanisani wakimpa nafasi ya kusalisha alivimba kama zamani, na wazee wakakohoa mpaka wakachoka. Lakini nyumbani, asubuhi, akifunga kamba za viatu, alikuwa akisema, "Bwana, yule mkubwa wangu wa kazi leo..." akaishia hapo hapo. Yaliyobaki Mungu aliyajua. Hata mimi niliyajua. Nikasema amina, nikampa kofia yake.