Mwano Ghorofa ya Tatu

Mdogo wangu alipopata nyumba ya kupanga katika ghorofa Dar es Salaam, niliomba kimoyomoyo mama aikatae. Sikuiombea nyumba ile moto wala wezi. Nilitaka tu ikataliwe kama ilivyokataliwa ya kwangu.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, nilipomaliza chuo, nami nilipata kazi hukohuko, pamoja na chumba katika jengo la ghorofa ambamo ningekaa na msichana niliyesoma naye. Baba alikuwa amefariki mwaka uleule. Mama hakwenda kukiona chumba hicho. Alisema, huku akipepeta mchele, kwamba mjini mtu anakabwa mchana na jirani anafunga dirisha, na ungo haukusimama hata kidogo mikononi mwake. Nikabaki Bariadi, nikafundisha sekondari, nikaishi naye.

Kisha biashara ikaachiwa huria. Pamba ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake ikaanza kugombewa na kampuni za watu binafsi, na mojawapo ikamwajiri mdogo wangu kuwa karani. Msichana niliyemfundisha mimi kugawanya na kuzidisha akawa anapita kwenye vumbi la mizani kwa viatu vya visigino, na wakulima wenye umri wa baba yetu wakimpisha. Alipohamishiwa makao makuu ya kampuni hakuja kuomba ruhusa. Alikuja kumuuliza mama kama angependa kwenda kuona mahali penyewe.

"Nitakwenda," mama alisema. "Pasiponiridhisha, huhamii. Na dada yako atakwenda nami. Yeye amesoma, ataona nisiyoyaona."

Neno hilo la kwanza, nitakwenda, lilinichoma njia nzima. Tulipanda treni Malampaka, na kila stesheni tuliyoipita niliiona kama sehemu ya safari ambayo mama huyu angeweza kuifanya kwa ajili yangu na hakuifanya.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu. Niliikagua kwa bidii ambayo sijaitumia kusahihisha mtihani wowote. Nilimwonyesha mama ngazi zisizo na balbu. Nilimwonyesha mlinzi aliyelala chini ya meza yake, ukuta wa nyuma uliobomoka, nondo za dirisha zilizoliwa na kutu kiasi cha kuchezacheza zikishikwa. Yote yalikuwa kweli. Mdogo wangu alitufuata kimya, akigusa kuta kana kwamba anazituliza.

"Dada, umemaliza?" aliniuliza hatimaye. "Au kuna mende hujamtaja?"

"Nimetumwa kuangalia."

"Umetumwa kuangalia, hukutumwa kufurahi."

Ndani ya chumba cha kulala kulikuwa na kabati lililojengewa ukutani, lenye kioo kirefu, na nilikuwa nimelifungua na kulifunga mara nyingi kuliko ukaguzi ulivyohitaji.

Mama hakuonekana kusikia lolote katika maelezo yangu. Alitoka mlangoni, akasimama pale ngazi zinapokutana, akajifunga khanga kiunoni vizuri. Nilielewa anachotaka kufanya sekunde moja kabla hajakifanya. Akapiga mwano.

Kwetu, tangu sungusungu walipoanza kulinda mifugo, mwano ni yowe ambalo halipigwi kwa mchezo. Anayelisikia huacha alichoshika na kutoka mbio. Na baadaye, hata kama mwizi hajapatikana, watu huulizana: nani hakutoka, na yuko wapi? Asiyekuwa na sababu hutengwa; hasalimiwi wala hapewi moto wa kuwashia jiko. Mama hakujua njia nyingine ya kupima usalama wa mahali, akaona haya madogo ya nondo na balbu ni mambo ya mafundi.

Sauti yake ilipanda ngazi na kushuka, ikagonga saruji, ikarudi.

"Mayu! Jamani!" mdogo wangu alimkamata mama mkono. "Mjini hapa! Wataniona mshamba!"

Kitu cha kwanza tulichosikia ni komeo likisukumwa mahali fulani juu yetu. Halafu dirisha likafungwa. Nilimtazama mdogo wangu, naye akanitazama, na nadhani aliona usoni mwangu kitu ambacho ningependa asikione. Kwa muda ule mfupi tulikuwa sawasawa, mimi na yeye.

Ndipo miguu ikasikika. Mwanamume mmoja alitoka chini na mpini wa ufagio, nusu ya ndevu zake zimenyolewa, nusu zimejaa povu. Nyuma yake mwanamke mnene wa pwani na mwiko wenye ugali. Kutoka juu wakashuka vijana wawili wakiwa vifua wazi, na mwanamke aliyembeba mtoto.

"Yuko wapi?" yule wa povu alifoka. "Kakimbilia wapi?"

"Hakuna mtu," mama alijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Binti yangu anataka kuhamia hapa. Nilikuwa naita nione kama mnatoka."

Yule wa povu akashusha mpini wake. Kisha yule wa pwani akaegemea ukuta.

"Bibi wee! Umetutoa roho! Mimi nimeacha ugali motoni!"

"Mama, ukirudia tunakupeleka kituoni," alisema yule wa povu, lakini wale vijana walikuwa wameshaanza kucheka, naye akashindwa kujizuia.

Mama hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye mlango uliotazamana na wetu. "Na huyu? Mbona hakutoka?"

Niliukazia mlango ule macho yangu yote. Ulikuwa tumaini langu la mwisho.

"Huyo nesi," alijibu yule wa pwani. "Leo zamu yake ya mchana. Watoto wake wako kwangu, wanakula."

"Na huyu wa juu aliyefunga komeo na dirisha?"

"Mzee huyo, miguu haimfikishi mbali. Akisikia kelele anajifungia kwanza, halafu anafungua dirisha na kutuita. Ndivyo tulivyomwambia afanye."

Mama akafungua lile fundo la khanga kiunoni. Alikuwa amekwisha kuamua, na hata mdogo wangu alilijua hilo, kwa maana alianza kulia kwa furaha.

Jioni, wakati mdogo wangu akipima madirisha, nilikaa na mama sakafuni, kwa kuwa viti havijafika. Nilimuuliza kwa Kisukuma, ili nisiweze kujificha nyuma ya maneno ya shuleni: "Mayu, mbona kwangu hukuja kupiga mwano?"

Alikuwa akisugua kisigino chake kilichovimba kwa safari.

"Kwako pengine wangetoka," alisema. "Wakati ule baba yenu hayupo, mdogo wako bado mtoto. Wangetoka, nawe ungekwenda, na mimi ningefanyaje?"

Alirudi kwenye kisigino chake.

"Dada!" mdogo wangu aliita akiwa amesimama juu ya boksi. "Njoo unishikie ncha hii ya pazia."

Nikaenda, nikaishika. Kitambaa kilikuwa kizuri, cha maua ya buluu, kutoka duka la nguo za nje. Nilimwambia ni kifupi kwa dirisha lile, na kwa kweli kilikuwa kifupi.