Betri Niliyosema Imeisha

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mvi zimeshaingia ndevuni, na bado nilikuwa navuta kwa kujificha nyuma ya migomba ya mama yangu. Cheka tu. Hata mimi ningecheka, kama si yaliyofuata.

Baba alikufa kwa kifua. Alivuta tumbaku ya kusokota tangu ujana wake, na miezi ya mwisho mama alikuwa akimwegemeza ukutani ili apate pumzi. Tuliporudi kutoka makaburini mama aliniambia jambo moja tu, kwamba hataki kuuguza kifua kingine. Nikaitikia. Wakati naitikia nilikuwa na pakiti mfukoni.

Miaka ikapita. Mke akaondoka, watoto wakamfuata, nikabaki Bigwa, pembeni mwa mji, katika nyumba ya vyumba vitatu ninayotumia kimoja. Sigara niliziacha kwa kuhamia kwenye kidude cha mvuke. Changu hakikuwa hivi vya plastiki vya vijana. Kilikuwa bomba la chuma, zito, lenye kitufe chini, na ndani yake betri moja nene kuliko kidole gumba. Hakina saketi, hakijui kujizima. Ukibonyeza, umeme wote wa betri unakwenda moja kwa moja kwenye waya unaochemsha yale maji ya ladha. Ukikosea, umekosea.

Fundi aliyeniuzia pale mjini hakunikabidhi mpaka aliponihubiria. Alisema nisiitazame betri ile kwa jicho la betri ya redio. Ganda lake la plastiki likichanika nisiitumie tena, kwa sababu chuma chote cha ubavuni ni upande wa hasi, nacho kinafika mpaka karibu kabisa na kichwa cha chanya. Nisiiweke mfukoni pamoja na funguo, itapiga shoti. Nisiiache juani. Akanipa na kikebe cha kuibebea. Nilizishika sheria zake kuliko nilivyowahi kushika jambo lolote katika ndoa yangu. Jioni, nikiwa sina wa kuongea naye, nilizitoa betri zangu mbili nikazipapasa ganda kutafuta mchubuko. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu.

Mama naye alikuwa peke yake, mlimani juu ya Mlali, saa moja na nusu kwa miguu kutoka barabarani. Nilipanda kumwona kila mwisho wa mwezi. Hatukuwa na mengi ya kusemezana. Nilimpa shikamoo, akaniuliza habari za mjini, nikasema nzuri, kisha redio ikaongea kwa niaba yetu. Kabla jua halijainama nilikuwa natafuta sababu ya kushuka.

Jumamosi moja nilisahau kikebe Bigwa. Badala ya kuiacha betri ya akiba nyumbani, nikaifunga kwenye leso nikapanda nayo. Nilipofungua leso kujifuta jasho, ikabingirika mezani mbele ya mama. Akaichukua, akaigeuza, akauliza ni ya nini. Nikasema ya tochi. Akauliza kama ina nguvu. Nikasema imeisha, ili aachane nayo. Nilikuwa nimeichaji jana yake mpaka ikajaa. Ningeirudisha mfukoni, lakini niliona haya kuonekana naing'ang'ania betri iliyokufa, nikaiacha pale mezani nikaenda kuzibua mfereji wa maharage.

Aliyekulia kwetu anajua betri ya redio ikichoka inafanywaje. Inaanikwa. Mama alikuwa na ungo wa kazi hiyo, betri zikikaa juani pamoja na pilipili mpaka zipate uhai wa kumfikisha kwenye taarifa ya habari. Yangu akaiongeza humo. Na kwa kuwa ilikuwa ya mwanawe, aliihudumia kuliko zake: alilichuna ganda lote kwa kisu, jua liingie vizuri.

Mchana wingu likashuka kutoka mlimani, akaanua. Betri zake akazirudisha kwenye redio. Yangu akaifunga kwenye pindo la kanga isipotee, na ndani ya pindo hilo mlikuwa na ufunguo wa stoo.

Nilisikia mlio mkali wa kufoka nikiwa mferejini, kisha nikamsikia akiniita. Nilipofika, moshi mweupe wenye harufu tamu ya kukera koo ulikuwa unamtoka kiunoni, na kanga inawaka. Niliivuta nikaitupa uani pamoja na betri, nikammwagia maji ndoo nzima. Ngozi ya paja ilikuwa imetoka, mahali pakubwa kama kiganja changu. Hakulia. Aliniomba radhi.

“Nimekuharibia betri yako, mwanangu,” alisema. “Nilitaka upate mwanga wa kushukia, ili leo ukae mpaka tule.”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikaenda kuteka ndoo nyingine ya maji.

Kidonda kilipoanza kukauka, mjomba wangu, kaka yake mkubwa, aliitisha kikao. Kwetu Waluguru nyumba na shamba ni mali ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Akauliza dada yake ameunguaje. Mimi nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu ya kukiri tangu Bigwa. Mama akaniwahi. Akasema alijimwagia maji ya moto akiepua sufuria.

Mjomba akanigeukia, akauliza kama ni hivyo.

“Ndiyo, mjomba,” nikasema.

Akaamua kwa haki kabisa, kwa kufuata alichoambiwa. Mzee anayejimwagia maji ya moto hawezi kuachwa peke yake mlimani. Mama akasema bado ana nguvu, akanyoosha mikono mbele waione kwamba haitetemeki. Hakuna aliyeitazama isipokuwa mimi. Ilikuwa imetulia. Wiki hiyo hiyo wakamshusha mjini Kilakala, kwa mjomba.

Betri iliyobaki niliibandika utepe ncha zote mbili nikamrudishia fundi, pamoja na bomba lake. Sijavuta tena, na sioni kama ni sifa.

Mwezi uliopita nilimkuta mama barazani peke yake, nikamweleza yote: bomba, fundi, ganda, betri iliyojaa. Nilisema kwa muda mrefu bila kumtazama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema harufu ya uvutaji wangu aliijua miaka yote, kila nilipotoka migombani. Nikamwambia nitamweleza mjomba leo hii. Akasema nyumba ya mlimani ameshapewa mpwa mwingine wa mjomba, amehamia na watoto wake, na watoto hawatolewi nyumbani kwa ajili ya betri.

“Nilisema maji ya moto ili usiaibike mbele za watu,” alisema. “Lakini alipokuuliza wewe, nilijua utasema kweli.”

Alinyoosha mkono kuchukua birika ajimiminie chai, na mke wa mjomba akatoka ndani haraka kumnyang'anya.