Binti Yangu Aliyenyamaza Darasani

Tulipohama mtaa wa Huruma kwenda mtaa wa Mowlem, binti yangu alikuwa na miaka saba. Nyumbani alikuwa haishi maneno. Katika shule mpya, muhula mzima, hakutoa hata moja. Mwalimu wake aliniuliza, "Mama, huyu mtoto ni bubu?" Nilicheka, kisha nikaona hatanii.

Mume wangu, dereva wa lori, alisema ni ukaidi tu. Mimi nilitaka kujua: ile sauti inaenda wapi akishavuka geti la shule?

Tulielekezwa kwa mwanasaikolojia wa watoto, kliniki moja upande wa Makongeni. Nilidhani atampima kichwa kwa mashine. Badala yake alivua viatu, akaketi mkekani na kumwaga wanyama wa mbao. Hakumwuliza mtoto chochote. Alisema tu anachokiona: "Naona ng'ombe amepanda juu ya paa."

Binti yangu akamtazama tu ng'ombe. Nikashindwa kuvumilia. "Si ujibu, mami!" nikamwambia binti yangu.

"Tumpe nafasi, mama," mwanasaikolojia akaniambia.

Siku ya tatu binti yangu alininong'oneza, "Mwambie kwamba ng'ombe anaogopa kushuka."

Mara iliyofuata baba yake aliitwa. Mwanasaikolojia akamwuliza, "Wewe baba, utotoni ulikuwa msemaji?"

Mume wangu alitazama mikono yake. "Nilipotoka Kitui kuja kusoma hapa mjini, wenzangu walinicheka nilivyotamka. Nikanyamaza karibu mwaka mzima."

Miaka kumi na moja ya ndoa, na sikuwahi kulisikia hilo. Mtoto alimkodolea macho, akamwendea, akamnong'oneza sikioni.

"Anasema alitumia neno la kule mtaani Huruma," mume wangu akatuambia taratibu, "darasa lote likamcheka."

Neno gani? Binti yangu alikataa kabisa kulitaja, na mpaka leo silijui.

Mwanasaikolojia alitueleza kwamba hiyo ni hofu inayofunga koo, na haifunguliwi kwa kulazimishwa. Basi kwa ushauri wake, kila jioni, wanafunzi wakishatoka, mimi na binti yangu tulicheza kadi darasani peke yetu. Wiki ya pili mwalimu alisimama mlangoni. Ya tatu akaketi nasi. Siku moja aliuliza, kana kwamba hajali, "Ni zamu ya nani?"

"Yako, ticha," binti yangu akasema.

Mwalimu akacheza kadi yake. Mimi ndiye niliyeziangusha zangu.

Muhula huu anajibu akiulizwa, kwa sauti ya chini. Kusoma mbele ya wenzake bado. Kliniki tunarudi kila mwezi, sote watatu, na mume wangu ndiye anayetukumbusha tarehe.